Kioo cha Getini

Siku ya kwanza kazini nilipewa vitu vinne: sare iliyowahi kuvaliwa na mtu mwingine, kofia, rungu na kioo. Rungu nililizoea upesi. Kioo ndicho kilichonishinda. Kilikuwa kioo cha ubavuni cha lori, kile chenye tumbo kinachoonyesha vitu vidogo na vya mbali, kimechomelewa kwenye kipande cha bomba la maji, na chini yake kuna vigurudumu vilivyong'olewa kwenye kiti cha ofisi. Kimoja kilikuwa hakizunguki. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: gari likifika getini lisimame, dereva azime injini, wewe uingize kioo chini, ulizunguke lote, kisha umpungie mwenzako mkono ainue kizuizi. Nilimuuliza mzee niliyepangwa naye zamu, "Sasa mzee, naangalia nini?" Akanijibu, "Angalia tu, mwanangu. Ukiona kitu kisichokuwa cha gari, utakijua."

Ilikuwa hoteli mojawapo kati ya Malindi na Watamu. Jina lake haliongezi kitu hapa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imegoma, na nilikaa kwenye geti lile miezi saba. Kwa miezi saba nimetazama matumbo ya magari hadi nikayaota usiku. Sampu zinazovuja. Bomba la moshi lililofungwa kwa waya. Tope jekundu la Ganze lililokauka kama ngozi. Mara moja paka, mzima, amejibana juu ya ekseli, na mwenye gari alikuwa ametoka naye Mtwapa bila kujua. Bomu sikuona hata siku moja. Ila nilipotoka pale nilitoka na swali: hiki kitu kimetoka wapi, kimetengenezwa na nini, na kwa nini kilifika huku kwetu?

Jibu la haraka liko Kikambala, baada ya Mtwapa ukielekea Kilifi. Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2002, ndani ya mwezi wa Ramadhani, wageni waliotua asubuhi ile kutoka Israeli walikuwa ndiyo wanapokelewa katika hoteli ya Paradise. Kikundi cha ngoma cha Wagiriama kilikuwa pale kikiwalaki. Gari likavunja kizuizi, likaingia mpaka karibu na mapokezi, likalipuka. Karibu saa ileile makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya Israeli iliyokuwa inapaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa. Yakaikosa. Kikambala walikufa watu 13, ukiacha walipuaji: Wakenya 10 na Waisraeli 3, wawili kati yao watoto. Miongoni mwa Wakenya walikuwamo wale wachezaji ngoma. Yaani watu waliokwenda kazini na njuga miguuni.

Yule mzee wa zamu yangu alikuwa kijana wakati ule, akifanya vibarua upande wa Vipingo. Aliniambia kwamba kabla ya mwaka ule, geti la hoteli nyingi huku lilikuwa kamba, kiti cha plastiki na mtu mmoja mwenye usingizi. Baada ya hapo zikaja kuta, vizuizi vya chuma, vitabu vya kuandika namba za magari, na vioo. Mwezi Mei 2003 Uingereza ilisimamisha ndege zake za abiria kuja Kenya kwa wiki kadhaa kwa hofu ya shambulio jingine, na kila hoteli iliyotaka kuwarudisha wageni ilibidi ionyeshe kwamba inaangalia. Kioo kilionekana vizuri sana kwa hilo. Mgeni anaketi ndani ya gari, anamwona mtu mwenye sare akiinama, anapumua.

Lakini hebu tufikirie kidogo. Gari la Kikambala lilivunja kizuizi. Kioo cha kwenye fimbo kingelifanya nini? Hakuna. Hata Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, lori lililoua watu 213 kwenye ubalozi wa Marekani na majengo ya jirani lilikuwa limebeba mzigo wake juu, nyuma, ambako kioo cha chini hakifiki. Kioo kile kilizaliwa kwa ajili ya bomu la namna nyingine kabisa: dogo, linalonaswa chini ya gari kwa sumaku usiku, na mwenye gari mwenyewe hana habari.

Bomu hilo lina kwao. Katika miaka ya 1970 na 1980, huko Ireland Kaskazini, polisi, majaji na wanasiasa walikuwa wakipiga magoti kila asubuhi kuchungulia chini ya magari yao kabla ya kufungua mlango. Tarehe 30 Machi 1979 mbunge wa Uingereza Airey Neave aliuawa na bomu la aina hiyo akitoka kwenye maegesho ya Bunge, London. Kioo chenye mpini mrefu kikawa chombo cha nyumbani kwa watu wa aina ile, kama ufagio. Kutoka huko kikasambaa kwenye balozi, viwanja vya ndege, kambi za jeshi, na mwisho hoteli. Tulipofikia kukishika sisi kilikuwa kimezunguka dunia, na tatizo kilichotengenezewa kilikuwa limebaki njiani.

Kuna jambo moja kuhusu mabomu yale ambalo sikulitarajia. Baadhi yake yaliwashwa na tone la zebaki ndani ya kichupa kidogo: gari likitikisika, zebaki inatembea, umeme unapita. Na zebaki ndiyo ile ile ambayo kwa miaka zaidi ya 300 iliwafanya watu waone nyuso zao. Ili kulieleza hilo, itabidi turudi nyuma, na bahati nzuri nyuma yenyewe iko kilomita chache tu kutoka getini kwangu.

Magofu ya Gede unayafikia kwa tuktuk. Ni mji uliokuwa hai kuanzia karne ya 12 au 13 hivi na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na Julai 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kirkman alikuwa na tabia nzuri ya kuzipa nyumba majina ya vitu alivyovikuta ndani. Kwa hiyo ukitembea mle unapita nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya pesa za Kichina, nyumba ya kauri, nyumba ya shanga ya Venice. Nyumba ya kioo haipo. Nilizunguka nikiitafuta kama mjinga, kisha nikakaa chini ya mbuyu nikajiuliza mwanamke wa Gede aliyejipaka wanja alijuaje kama umekaa sawa.

Alikuwa na maji, bila shaka. Kisima kirefu na sufuria la shaba lililosuguliwa. Vioo vya zamani zaidi katika bahari hii havikuwa vya kioo hata kidogo, vilikuwa vya madini. Wachina walichanganya shaba na bati kwa wingi, hata robo ya uzito ikawa bati, wakapata madini meupe, magumu, yanayovunjika kama sahani, ambayo yakisuguliwa yanaonyesha uso. Makaburi ya Vohémar, kaskazini mashariki mwa Madagaska, yaliyokuwa ya watu wa biashara ya bahari hii hii, yalikutwa na vioo vya shaba. Na Wachina walifika kwetu, au tuseme vitu vyao vilifika: mwaka 1415 twiga wa Malindi alipelekwa kwa mfalme wao, na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata Mambrui sarafu ya mfalme huyohuyo, Yongle. Kwenye kaburi la nguzo la Mambrui bakuli za kaure zilipachikwa ukutani. Watu wa hapa walipenda kitu kinachong'aa, tena waliking'arisha mbele ya watu, kaburini, mlangoni, mkononi.

Kiswahili chenyewe kina jambo la kuchekesha. Tunasema kioo kwa dirisha na tunasema kioo kwa kile cha kujitazamia. Neno moja kwa kitu unachokipenya kwa macho na kitu kinachokurudisha. Kama mtu anataka kutofautisha, itabidi aongeze maneno. Mimi naona lugha ilikuwa sahihi, kwa sababu cha pili ni cha kwanza kilichozibwa mgongo.

Na cha kwanza kinatokana na nini? Mchanga, magadi na chokaa. Basi. Mchanga wa kuyeyusha, magadi ya kuufanya uyeyuke kwa moto mdogo zaidi, chokaa ya kuzuia kioo kisiyeyuke tena kwenye maji. Nikisoma hilo mara ya kwanza nilicheka, maana vyote vitatu tunavyo. Mchanga, usiseme. Chokaa wazee wetu waliichoma kutokana na mawe ya matumbawe; Gede yote imesimama kwa hiyo. Magadi ya ziwa Magadi yamekuwa yakipita bandari ya Mombasa kwenda viwanda vya nje kwa zaidi ya miaka 100, na mengi yake yanaishia kwenye kioo. Hata risasi yenye fedha ndani yake iliwahi kuchimbwa Kinangoni, huku huku Kilifi. Lakini kioo cha kujitazamia kilikuja kwa jahazi na meli. Kilichokosekana kilikuwa ni ujuzi wa ule mgongo, na walioupata waliufungia.

Waliouficha zaidi walikuwa mafundi wa Murano, kisiwa cha Venice. Mwaka 1507 ndugu wawili wa ukoo wa Dal Gallo waliomba ruhusa ya kutengeneza vioo vya kioo safi. Njia yao, na ya waliowafuata, ilikuwa kutandaza karatasi nyembamba ya bati, kuimwagia zebaki, kulaza kioo juu yake, kuweka mawe mazito, na kusubiri wiki kadhaa zebaki na bati vishikane. Serikali ya Venice iliwakataza mafundi wasihamie nchi nyingine, na Wafaransa wakawaiba hivyohivyo miaka ya 1660. Wakati huo Wareno walikuwa wameshafika Malindi na kuondoka. Vasco da Gama alipofika Aprili 1498 alimpelekea mfalme wa Malindi kanzu, nyuzi za marijani, mabeseni ya kunawia, kofia, kengele ndogo na vitambaa. Kioo hakimo kwenye hesabu ile. Mfalme alimletea kondoo na viungo. Nani alimpunja mwenzake, amua mwenyewe.

(Nikiwa kwenye Venice, acha niseme hili: jukwaa la kurushia setilaiti ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini Ngomeni miaka ya 1960 waliliita San Marco, na San Marco ni mtakatifu mlinzi wa Venice. Watalii Waitaliano niliokuwa nikiwakagulia magari walikuja Malindi kwa njia iliyofunguliwa na mafundi wa roketi. Kwa hiyo kwa namna fulani wote walikuwa wageni wa San Marco.)

Zebaki iliua polepole. Mafundi wa vioo walitetemeka mikono, wakang'oka meno, wakachanganyikiwa akili. Haikuwa siri, ilikuwa gharama ya kazi, na waliolipa hawakuwa wenye viwanda. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig aligundua kwamba fedha iliyoyeyushwa kwenye dawa inaweza kushuka yenyewe na kujilaza juu ya kioo kama utando, bila zebaki. Hata hivyo viwanda vya Ujerumani viliendelea na zebaki kwa miaka mingine 50 hivi, mpaka serikali ilipobana. Fedha ilikuwa ghali, na mtetemeko wa fundi ulikuwa bei rahisi. Nikiwa getini nililifikiria hilo sana kuliko inavyofaa.

Kioo changu cha lori kilikuwa cha ukoo huo wa Liebig. Mbele kioo, nyuma utando wa fedha mwembamba kuliko unywele mara mamia, nyuma yake shaba kidogo, nyuma yake rangi. Utando huo ukiwa mpya hurudisha zaidi ya sehemu 90 kati ya 100 za mwanga unaougonga. Ni kitu kizuri sana. Tatizo lake ni pwani. Chumvi haiingii mbele, inaingia ubavuni, pale kioo kilipokatwa na rangi haikufika. Inapanda taratibu chini ya rangi, inaila shaba, inaigeuza fedha kuwa nyeusi. Kila nyumba ya huku ina kioo chenye mpaka mweusi kama ramani ya visiwa. Hawe wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa na kimoja chumbani, na mvua ya radi ikianza alikifunika na leso. Kila mwaka eneo la kufunika lilikuwa linapungua, maana chumvi ilikuwa inakifunika yenyewe.

Cha getini kilikuwa kimeliwa theluthi nzima nilipokipokea. Theluthi hiyo ukipitisha chini ya gari unaona giza, na ukipinda shingo unaona kama kuna kitu. Wiki ya kwanza nilishtuka mara nne. Mara zote ilikuwa chumvi.

Kuhusu tumbo la kioo, hilo lina sababu. Kioo bapa kikiwekwa chini ya gari kitakuonyesha kipande kidogo, kwa sababu kati ya ardhi na chuma kuna shubiri mbili tu. Kioo chenye tumbo kinakusanya upana wote, bomba la moshi, tangi, difu, kwa mara moja. Unalipa kwa ukubwa: kila kitu kinakuwa kidogo. Ili uone kitu cha kiganja itabidi ujue tayari unatafuta kitu cha kiganja. Magari ya watalii yamenyanyuka na chini ni wazi, unaona. Probox iliyobeba magunia imelala mpaka inakaribia kugusa kokoto, na hapo kioo hakiingii kabisa. Nilikuwa nakisukuma tu mbele yake ili ionekane nimesukuma.

Mwezi wa tatu bomba la maji lilikatika kwa kutu kwenye kiungo cha kuchomelea. Chuma na chumvi, ndoa ya siku mbili. Meneja akaleta kipya cha dukani: mpini wa alumini, tochi, magurudumu matatu mazuri, na kioo cha plastiki. Nilikiinua kwa mkono mmoja. Furaha niliyokuwa nayo ni ya aibu.

Plastiki ile ni akriliki. Kampuni ya Uingereza ICI iliiita Perspex, Wajerumani wa Röhm wakaiita Plexiglas, wote miaka ya 1930. Vita vilipoanza ilifunika vichwa vya marubani, kwa kuwa ina uzito chini ya nusu ya kioo na haivunjiki vipande vya kuchinja. Daktari wa macho Harold Ridley aligundua kwamba vibanzi vyake vikimwingia rubani jichoni, jicho halikuvikataa. Mwaka 1949, London, akamwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya plastiki hiyo. Hawe wangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka niliokuwa kidato cha pili. Alipofunguliwa bandeji aliangalia kioo chake chenye ramani ya visiwa, akasema, "Kumbe ni kichafu hivi na hamniambii."

Mgongo wa akriliki mara nyingi si fedha, ni alumini. Mwaka 1935 darubini kubwa ya Mlima Wilson, Marekani, ilivuliwa fedha yake ikavishwa alumini, kwa sababu alumini ikigusana na hewa hujivika ngozi yake yenyewe na haiwi nyeusi haraka. Inarudisha mwanga kidogo kuliko fedha, sehemu 88 au 90 hivi, lakini inadumu. Njia ni kuivukiza ndani ya chombo kisicho na hewa mpaka mvuke wake ujilaze juu ya kitu. Leo ndiyo inayong'arisha mpaka pakiti za krispi. Ule utando wa getini na ule wa ndani ya pakiti ya viazi ni ndugu kabisa.

Ubaya wa akriliki ni ulaini. Mchanga wa Malindi unaoletwa na mto Sabaki umejaa chembe za jiwe gumu kuliko hata kioo, na upepo wa kusi unaubeba mpaka mapokezi. Ukipangusa akriliki kwa kitambaa chenye mchanga, umeisugua kwa msasa. Ndani ya mwezi kioo kipya kilikuwa na ukungu. Nami nikafanya kosa langu: nikachukua tina ya wapaka rangi, nikakipangusa nayo jioni ili kesho kiwe safi. Akriliki na tina havipatani. Asubuhi kilikuwa na nyufa ndogondogo elfu, kama ukoko wa maziwa, na gari likipita chini yake likaonekana limetengenezwa kwa utando wa buibui. Nilikatwa mshahara. Ilikuwa haki, sitasema vingine, ingawa mtu angeweza kuniambia ni sabuni na maji tu.

Wanaojua zaidi wanatumia polikaboneti, ambayo haipasuki hata ukiipiga nyundo lakini jua linaifanya njano, au chuma kisichoshika kutu kilichosuguliwa, ambacho hakivunjiki wala hakipasuki na kinaonyesha dunia kama siku ya mawingu. Kile kidogo cha daktari wa meno, nacho ni kioo cha ukaguzi tu, mara nyingi kimevishwa rodiamu upande wa mbele ili jino lisionekane mawili. Hicho hakitakuja getini. Bei yake haihusiani na mshahara wa anayekishika.

Kwa kumtetea mwenzangu kioo, niseme hivi: angalau hadanganyi. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vitambuzi bandia vya mabomu, mpini wa plastiki wenye antena na ndani hamna kitu, vilivyotokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Iraki ilinunua kwa mamilioni ya dola na watu wakafa kwenye vizuizi vilivyokuwa vikivitumia. Polisi wa Kenya nao walikuwa navyo, na hata baada ya hukumu wakubwa wao walisema vinafanya kazi. Kioo kilicholiwa na chumvi theluthi mbili bado kinakuonyesha theluthi moja ya ukweli.

Shida ilikuwa inaelekezwa kwa nani. Hakuna aliyeniandikia, lakini baada ya wiki mbili unajifunza kwa macho ya meneja. Gari la mzungu mkaazi, anayekuja kunywa kahawa kila siku: unapitisha kioo ubavu mmoja, unampigia saluti. Gari la serikali: huliulizi. Gari la watalii: unafanya yote, polepole, ili waone. Gari la muuza samaki, la fundi wa mabomba, la kijana mwenye ndevu na kofia ya Kiislamu: unafanya yote mara mbili, na mwenzako anauliza kitambulisho. Baada ya Kikambala misako ilipita Pwani nzima, watu wakachukuliwa majumbani. Mwaka 2005 mahakama iliwaachilia Wakenya walioshtakiwa kwa mauaji yale. Lakini macho ya getini hayakuachiliwa.

Mjomba wangu huleta madafu pale. Ana pikapu ya zamani, na kila Jumanne na Ijumaa saa moja asubuhi alisimama mbele yangu, akazima injini, akashusha kioo cha dirisha. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Haya, fanya kazi yako." Nami nikaingiza kioo chini ya gari lililonipeleka shule ya msingi. Nilijua kila kovu lake: pale kulipochomelewa baada ya ile ajali ya Tezo, pale tangi linapotoa jasho. Mara ya kwanza alicheka. "Umemwona nyanyako huko?" Mara ya tatu hakucheka. Siku moja alinyamaza mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, si kwa hasira, "Mwanangu, wale wa ngoma waliokufa Kikambala, walikuwa ndani ya geti au nje?"

Nilimwambia walikuwa ndani.

"Basi kumbe tunaweza kuwa ndani," akasema, akawasha gari.

Nilimsimulia mzee wa zamu. Alikaa kimya muda mrefu, akiyatazama magari ya barabarani. Akasema mwaka ule alikuwa na rafiki aliyemfundisha kupiga ngoma, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa kwenye kikundi kama kile, ila hakuwa na mkono mzuri. Hakusema zaidi, na lori la maji lilikuwa limefika, ikabidi tuinuke.

Niliacha kazi mwezi wa saba. Kioo cha plastiki kilichopasuka kilibaki kwa mzee; alikikata kipande cha kiganja, akakifunga kwa waya mtini nyuma ya kibanda, akawa ananyolea ndevu pale. Kile cha lori niliomba nikapewa, nikamuuzia fundi wa tuktuk wa njia panda ya Gede kwa nauli ya kwenda Malindi. Alikikata ubavu uliooza, akabaki na kipande cha upana wa bilauri. Mwaka jana nilipanda tuktuk yenye kioo hicho. Nilikijua kwa alama ya kuchomelea. Dereva alikuwa amekigeuza, hakioni barabara kabisa, na tulipofika kwenye tuta alijitazama humo akijichokoa meno.